Tairi mpya za Coaster niliyoigeuza nyumba ya safari: nichukue zipi na zifungwe vipi?

MzungukaNchi
Habari za jumapili wakuu. Nina Coaster ya Japani ya dizeli, ilikuwa inabeba wafanyakazi, nimeng'oa siti nikabakiza za mbele na benchi moja, ndani sasa hivi kuna kitanda, jiko la gesi, friji, betri za sola na tanki la maji la lita 200, juu nimeweka keria na paneli. Watoto wakifunga shule mwezi wa kumi na mbili tunataka kutoka Dar, tulale Mikumi, tupande Kitonga tuingie Iringa, tuone Ruaha halafu tusogee mpaka Kitulo kwenye maua. Sasa ishu ni tairi. Zilizopo ni 7.00R16, nyuma ni dabo kama kawaida, yaani tairi mbili mbili kila upande, kashata (yale meno yanayokanyaga lami) bado zimejaa kabisa ukiziangalia unasema mpya, ila pembeni kuna vimpasuko vyembamba vyembamba kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Nimezunguka Kariakoo na Ilala, mmoja ananiambia chukua mtumba wa Japani uko safi, mwingine anasema weka 235/85R16 za ol terreni gari ikae kibabe, wa tatu anasema zilizopo zinadunda tu usipoteze hela. Bei zinapishana mpaka nashangaa. Naombeni ushauri wa watu wanaojua, siyo wa watu wanaouza.

DerevaMstaafu
Kwanza inama usome namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, pengine zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi kwahiyo itabidi uingie uvunguni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1716 maana yake wiki ya 17 mwaka 2016. Gari za kulala ndani tairi haziishi kwa kusaga lami, zinaisha kwa uzee, gari imesimama juani miezi mitatu imebeba nyumba nzima mgongoni. Daladala tairi inamaliza kashata kabla haijazeeka, wewe ni kinyume chake, ndiyo maana yule wa tatu anakwambia zinadunda.

MzungukaNchi
Shkamoo mzee. Nimeingia uvunguni na tochi. Mbele zote 1716, nyuma mbili ni 1716, moja 4114, na moja ya ndani sijaona kitu, imefutika.

DerevaMstaafu
Marahaba. Hapo hakuna mjadala. Watengenezaji wenyewe wengi wanasema ikishafika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka na ikifika 10 itolewe hata kama kashata zipo. Ya 2014 hiyo usiipandishe Kitonga. Na mtumba wa Japani ndiyo hivyo hivyo, wameitoa kule kwa sababu ya umri unaletewa ing'ae kwa mafuta ya kupaka. Ukitaka mtumba, soma DOT kabla ya kuuliza bei.

fundi_magurudumu
Mkuu nafunga tairi za Coaster, Rosa na Canter kila siku ya Mungu ngoja nikupe kwa urefu kidogo.

Hiyo 235 achana nayo. Siyo kwamba tairi mbaya, ila ni pana kuliko 7.00 kwa karibu sentimita nne na wewe nyuma una dabo, ule uwazi kati ya tairi ya ndani na ya nje utakwisha, ukibeba mzigo matumbo yanagusana, yanasuguana, yanapata moto na zinapasuka zote mbili, halafu utasema umelogwa. Baki na 7.00R16 kama rimu zako ni zile za ringi, ile pete ya chuma inayoshikilia tairi kwenye rimu. Kama rimu ni za tyublesi, yaani zisizotumia tyubu, kuna watu wanafunga 205/85R16 na inakubali, lakini basi iwe gari zima, usichanganye kwenye dabo moja. Tairi mbili za dabo zinatakiwa zilingane urefu, ile ndefu zaidi ndiyo inabeba mzigo wote na fupi inaburuzwa. Na tairi ya nailoni usiichanganye na ya waya (radial) hata siku moja.

Kingine muuzaji atakuonyesha jina, wewe angalia namba za uzito. Mfano 117/115L, ile 117 ni kilo 1285 tairi ikiwa peke yake kama mbele, 115 ni kilo 1215 ikiwa kwenye dabo, L ni spidi mwisho 120 ambayo kwa nyumba ya tani tano inakutosha na chenji inabaki. Ukiona 7.00R16 ya bei ya kutupa geuza uangalie PR, ndiyo kipimo cha uimara wa tabaka za tairi, mara nyingi ni 8PR. Gari ya kawaida tungebishana, lakini gari yako haipumziki, daladala jioni inashusha abiria, wewe kitanda na friji hushushi. Chukua 12PR.

Sasa kufunga. Hapa ndipo watu wanaumia. Kabla fundi hajalegeza nati hata moja, atoe upepo kwenye tairi ZOTE MBILI za dabo, achomoe kile kichuma cha ndani ya valvu, siyo kubonyeza na kijiti. Ringi ikiwa imechoka ukalegeza nati upepo ukiwa ndani inaruka, na ringi ikiruka haichagui fundi wala mwenye gari. Ringi yenye kutu au iliyopinda usikubali ipigwe nyundo ikae, nunua nyingine. Wakati wa kujaza tairi iwe ndani ya kizimba cha chuma, au angalau ifungwe mnyororo, na mtu asimame pembeni asisimame mbele ya ringi. Ukiona fundi kaikalia ondoka na gari yako.

Tyubu na flepu (ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu) nunua mpya, tyubu iliyokaa kwenye tairi ya zamani imeshatanuka, ukiiweka kwenye mpya inajikunja, ule mkunjo ndiyo pancha ya mwezi ujao. Iwe tyubu iliyoandikwa kwamba ni ya radial, na fundi apake poda ndani ya tairi. Dabo zikikaa, valvu ya ndani na ya nje ziangaliane pande tofauti, moja juu moja chini, la sivyo ya ndani hutaifikia kupima upepo na utaacha kuipima, nawajua watu.

Nati za Coaster za zamani na gari nyingi za Kijapani zenye dabo, upande wa kushoto zinafungwa kinyume. Angalia kwenye stadi, ile bolti inayoshika nati, kuna herufi L. Nimeona vijana wananing'inia kwenye wilispana na bomba la mita mbili wanafikiri wanafungua kumbe wanakaza, stadi ikakatika. Na kama nyuma una nati ya ndani na ya nje, kukaza upya kuna utaratibu: legeza za nje nusu yake kwa kupishana, kaza za ndani, rudisha za nje, halafu ndiyo uende nusu nyingine. Ukikaza za nje tu umejidanganya. Ukishatembea kilomita 50 hivi mpaka 100 simama ukaze tena, rangi ya rimu na kutu vinakaa sawa na nati zinalegea zenyewe.

KamaliNbi
Fundi ameongea kila kitu. Mimi niko Nairobi, niko na Rosa nimefanya kempa pia, gari ya kulala kama yako. Naongezea kwa ile stori ya kashata. Usinunue tairi ya matope mbele eti kwa sababu kuna mvua huko unaenda. Kwa safari yako asilimia kubwa ni lami, tairi ya matope itapiga kelele mpaka mtashindwa kuongea ndani ya gari na kwa lami ya mvua haishiki poa. Mbele weka ya mistari ya kawaida, nyuma weka zile za kashata mchanganyiko. Na kila ukitoka maramu, barabara ya changarawe, simama uangalie katikati ya dabo, jiwe likikwama hapo linakata tairi zote mbili kutoka ndani na husikii kitu. Bisibisi ndefu inatosha kulitoa. Kuna mtu atakwambia utoe upepo ukiingia maramu, kwa gari nyepesi sawa, kwa hii nyumba usifanye hivyo bila kujua uzito.

Bi_Kempa_Ujerumani
Habari zenu, niko Ujerumani na tuna Fiat Ducato ya kulala, nimesoma yote nimefurahi. Huku kuna tairi maalum za hizi gari, zimeandikwa CP mwishoni, kama 225/75R16CP, ubavu wake ni mgumu kwa sababu gari iko na mzigo mwaka mzima, nyuma zinajazwa mpaka bar 5.5 ambayo ni kama psi 80. Kwa presha hiyo valvu ya mpira ya kawaida haifai, mwisho wake ni bar 4.5, tunaweka za chuma. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kwenye theluji lazima tairi iwe na alama ya mlima na chembe ya theluji, ile ya zamani ya M+S (matope na theluji) peke yake haihesabiki, wengi wa kempa walilia maana ndiyo walizokuwa nazo. Hayo yote wewe kaka hayakuhusu, una dabo na Kitulo ni baridi tu.

Linalokuhusu ni mizani. Huku kila mwenye kempa anajua uzito wa kila gurudumu. Tanki la lita 200 likijaa ni kilo 200, na kama limekaa upande mmoja na friji, upande huo unalia peke yake. Jaza maji, dizeli, gesi, pakia na watu, halafu kapime.

Mchumi_wa_Gereji
Mnamtia mtu gharama bure. Nyuma aweke za kuvalishwa upya, yaani tairi ya zamani iliyobandikwa kashata mpya, malori yanaenda mpaka Lubumbashi nazo.

fundi_magurudumu
Lori lina kampuni inayofuatilia kila tairi, upepo unapimwa, kasha, yaani tairi ya zamani inayovalishwa, linajulikana limetoka wapi. Za mtaani hujui kasha lina umri gani. Akitaka kuvalisha avalishe makasha yake mwenyewe yakiwa machanga, siyo haya ya 2016. Na mbele hapana, hata kwa bure.

MzungukaNchi
Wakuu asanteni sana. Nimempata jamaa mwenye mizani ya mzigo, nimepanda nikiwa nimejaza kila kitu na familia ndani. Mbele kilo 1,980, nyuma 3,340. Tukapima upande upande nyuma, kulia 1,810 kushoto 1,530. Tanki na friji kweli viko kulia dada, umejuaje! Nimeshaagiza sita na spea, 7.00R16 12PR, DOT zote za mwaka huu nimezisoma moja moja dukani muuzaji kachukia. Swali la mwisho, kwa vile kulia ni nzito, nijaze upepo mwingi kulia kuliko kushoto?

Bi_Kempa_Ujerumani
Hapana. Ekseli moja upepo mmoja, unachukua upande mzito ndiyo unaamua, kushoto unajaza sawa na huo. Na sogeza betri kushoto kama waya zinafika.

fundi_magurudumu
Dada kasema. Gawa 1,810 kwa mbili ni kilo 905 kila tairi, uko chini ya uwezo wake vizuri tu. Jedwali la mtengenezaji lina upepo wa kila uzito, mwambie muuzaji akupe. Pima asubuhi kabla hujawasha gari, ikishatembea imepata moto namba inapanda, usitoe.

MzungukaNchi
Poa. Na spea naiweka chini uvunguni palepale pa zamani?

fundi_magurudumu
Palepale, ila uifungie valvu ielekee nje uweze kuipima bila kuishusha. Na jeki yako iwe ya tani zisizopungua tano, ile iliyokuja na gari uigawe.