Tupeane uzoefu: zoezi gani la peke yako lilikusaidia kutuliza mpira?

Kiungo Mkabaji (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa mazoezi ya mtu mmoja, yale unayofanya bila kocha wala mwenzako wa kukupasia. Siulizii mbwembwe za kurekodi video. Nataka zoezi ulilolifanya mwenyewe, ukaingia kwenye mechi ukaona limelipa.

Naanza. Kwangu ni ukuta. Nasimama hatua chache, napiga pasi kwa upande wa ndani wa mguu wa kulia, mpira ukirudi naupokea kwa kushoto na papo hapo nausogeza pembeni, tayari kwa pasi inayofuata. Mambo yote yako kwenye kifundo. Ukikikaza, mpira unagonga na kukuruka. Ukiurudisha mguu nyuma kidogo pale pale mpira unapogusa, unafia mguuni. Kisha nikaongeza jambo moja: kabla mpira haujarudi, nageuza shingo kutazama nyuma ya bega. Hilo ndilo lililonibeba zaidi. Siku hizi pasi ikinifikia katikati ya uwanja nimeshajua mpinzani anatokea upande gani.

Namba Kumi
Umegusa penyewe mkuu. Dennis Bergkamp, yule mshambuliaji wa zamani wa Uholanzi, amesimulia jinsi alivyokuwa akipiga mpira ukutani utotoni, akifuatilia unavyorudi. Tazama tena bao lake dhidi ya Argentina, robo fainali ya Kombe la Dunia 1998 kule Marseille. Mwenzake Frank de Boer anapiga mpira mrefu, Bergkamp anaushusha kutoka angani kwa mguu wa kulia, mguso wa pili unampita beki Ayala, wa tatu ni goli. Watu wanasifu shuti, mimi nasema bao lile lilipatikana kwenye mguso wa kwanza.

Winga wa Kushoto
Nami niongezee, maana si kila mtu ana ukuta. Nilijifunzia kwenye nafasi ndogo mno, hatua mbili kila upande. Ndani ya mguu, nje ya mguu, kuvuta kwa wayo, kugeuka. Mguu dhaifu ndio naanza nao nikiwa bado na nguvu, kwa sababu ukiuachia mwisho utaufanyia mazoezi ya kichovu. Ukishazoea, inua macho. Tazama kitu kilicho mbali na uache mguu uutafute mpira. Mwanzoni utakuponyoka sana. Endeleeni hivyo hivyo dada zangu na kaka zangu, kwani winga anayetazama chini haoni mwenzake aliyejitenga.

Mshambuliaji
Vipi kuhusu danadana? Kuna makocha wanazidharau.

Beki Mstaafu
Mdogo wangu, danadana zina faida, ila kuzihesabu tu hakutoshi. Kwenye mechi mpira hauji taratibu mguuni. Mimi nilikuwa naurusha juu kadiri nilivyoweza, nausubiri ukishuka, naupokea kwa paja, safari nyingine kwa kifua. Paja lishushe wakati wa kugusa. Kifua kipanue kuupokea, halafu kiingize ndani huku unatoa pumzi, mpira utadondoka mbele ya miguu yako. Nilicheza beki wa kati, na mipira ya kutokea juu ndiyo ilikuwa riziki yangu. Badala ya kuibutua nje nikaanza kuituliza na kupasia.

Mama Mchezaji
Jamani, mwanangu ana miaka tisa, anafanyia mazoezi mpira wa wakubwa. Ni sawa?

Kiungo Mkabaji
Mama, mtafutie mpira wa saizi namba 4, ndiyo ya umri wa miaka 8 hadi 12. Namba 5, ile ya wakubwa, ina mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ni mzigo kwa mguu wake. Kama anachezea sakafuni, mpira wa futsal (soka la ukumbini) nao unafaa: ukiuachia kutoka mita 2, kanuni zinataka udunde kati ya sentimita 50 na 65 tu, kwa hiyo haumkimbii.

Winga wa Kushoto
Na usiujaze upepo kupita kiasi mama. Mpira mgumu unamfanya mtoto auogope, anaanza kukaza mguu.

Mshambuliaji
Asante mzee wangu, leo jioni naanza na ile ya kurusha juu. Makipa mbona hamjasema kitu? Nyie mnatulizaje pasi za kurudishiwa?