Naombeni ushauri: kadi za NFC za kufungulia zawadi kwenye gemu

Popo wa Usiku: Wakuu, nimeshusha mafaili ya amiibo (vile visanamu vya Nintendo vyenye chipu, ukivigusisha mashine ya gemu unapata zawadi), nimenunua kadi tupu za NTAG215, aina ya chipu ya NFC inayosomwa kwa kugusisha, naziandika kwa simu. Kwenye gemu ya Zelda, Breath of the Wild, Epona katoka vizuri kabisa. Jana nikamfuta, kadi ileile nikaweka Wolf Link, yule mbwa mwitu, mwenye mioyo 20 ya uhai. Je, Nintendo wanaweza kunifungia akaunti? Usingizi sipati.

Fundi Chipu: Kwenye 215 hujakosea. Chipu ya NTAG213 ina baiti 144 tu za kuandikia, na faili la amiibo ni baiti 540. Halafu kila chipu ina namba yake isiyobadilika, ndiyo maana programu husimba data upya kwa namba hiyo. Ukikopi hivihivi, mashine inaikataa.

Popo wa Usiku: Asante, ila nimeuliza akaunti.

Zee la Gemu: Vijana mnateseka. Contra kwenye NES, mashine ya zamani ya Nintendo, unabonyeza tu: juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, maisha 30 hayo mezani! Mdogo wangu aliikariri hiyo kabla hajajua kuzidisha.

Bi Mkubwa: Nunua kisanamu halali, mwanangu. Cha dezo kina mwenyewe.

Popo wa Usiku: Mama, vingine madukani havipo tena, walivyonavyo ni walanguzi.

Swali Moja: Gemu inasoma chipu hata intaneti ikiwa imezimwa. Sasa unaogopa nini? Kadi umenunua ngapi?

Popo wa Usiku: Za kutosha.

Swali Moja: Ngapi?

Popo wa Usiku: Boksi zima. Wenzangu kazini walishanilipa. Lakini siyo biashara hiyo, ni kusaidiana, nimeongeza kidogo tu ya wino. Si nimezichapisha na nembo ya Nintendo ili zipendeze!

Swali Moja: 😂😂 Kumbe unaulizia kesi, unasingizia akaunti. Rudisha hela za watu.

Popo wa Usiku: Wengine nishawakabidhi. Na mafaili yamejaa mtandaoni, mimi ndiye wa kwanza?

Tomaso: Chai hii. Programu ikishaandika, inafunga kurasa za kumbukumbu ya chipu, haziandikiki tena. Kadi ya Epona ni ya Epona hadi kiama. Umemfutaje?

Fundi Chipu: Hapo kweli. Nilipitiwa.

Popo wa Usiku: Nimesema kadi kwa kufupisha. Nina kile kifaa kidogo cha kubadilishia wahusika.

Tomaso: Mwanzo kadi, mara kifaa. Kesho utasema pete.

Zee la Gemu: Mioyo 20 mimi niliitolea jasho, gemu ya Twilight Princess HD kwenye mashine ya Wii U, nikamaliza Pango la Vivuli lote. Bila hivyo mbwa mwitu anakuja na mitatu tu, anakufa kabla hujamzoea.

Bi Mkubwa: Hivi huyo Epona ni farasi? Mjukuu wangu kila siku Epona, Epona.

Popo wa Usiku: Mama, njoo inbox.

Swali Moja: Yaani bado anauza!

Tomaso: Anauza nini? Weka kwanza video, skani kadi ya mteja mmoja tuone.