Naomba ushauri: maagizo ya kazi kwenye WhatsApp usiku

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Tabora mjini, ambako nimeajiriwa kutunza stoo ya kampuni binafsi inayonunua asali kwa wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo. Zamani maagizo yalibandikwa ubaoni asubuhi. Siku hizi yote hupitia kundi la WhatsApp, tunalolifuatilia kwa simu zetu na kwa bando tunalojinunulia wenyewe. Hilo la bando ningelivumilia. Linalonisumbua ni kwamba meneja hutuma maagizo hata saa nne usiku, akitaka hesabu ya madumu kabla hatujalala, na asiyejibu huulizwa kesho yake mbele ya wenzake kwa nini tiki zimegeuka bluu naye amekaa kimya. (Vijana wa ofisini walizizima tiki hizo kwenye mazungumzo ya mtu na mtu, maana za kundi hazizimiki, wakaambiwa wana jambo la kuficha.)

Nafahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwamba saa za ziada zina malipo yake. Je, muda wa kujibu ujumbe nikiwa nyumbani unahesabika humo, na nitauthibitishaje? Sitaki kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya kuzungumza na meneja, ambaye kwa mengine ni muungwana. Aliyewahi kulifikisha jambo hili kwa mwajiri wake bila kuharibu uhusiano anieleze alianzaje, kwa barua au ana kwa ana.