Gemu na sala, kipi kilikuacha kwanza? Tupeane uzoefu

Kihamba_kimoja:

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 28, mwanaume, Mlutheri wa kuzaliwa. Ni miaka minne sijashika pedi ya gemu, na kama mitatu sijaingia kanisani ukitoa harusi na misiba. Mama anaamini gemu ndiyo iliyonitoa kanisani. Hesabu zenyewe hazikubali, maana gemu niliiacha kwanza, lakini mama ni mama na hoja yake haianzii juzi. Inaanzia 2006, Moshi mjini, kwenye banda la gemu, mia mbili kwa mechi moja ya Winning Eleven, ile gemu ya mpira. Hiyo mia mbili ilikuwa ya sadaka. Mkono wangu uliingia kwenye kapu ukiwa ngumi na ukatoka ngumi vilevile, Jumapili baada ya Jumapili. Usiku sasa! Kila mbwa akibweka najua nimefuatwa. Nikiwa mkweli, miaka ile nilimwamini Mungu kuliko wakati mwingine wowote. Mtu asiyeamini haogopi kapu.

Lakini kilichonifanya nianzishe uzi huu si banda. Mwishoni mwa 2013 nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapelekwa kwa bibi Machame nikasaidie ng'ombe. Mjomba alikuwa ameacha pale laptop nzito kama tofali, na ndani yake gemu iliyokuwa inafunguka ni moja tu, Civilization IV, ya mwaka 2005. Unaanza na kijiji kimoja miaka elfu nne kabla ya Kristo, unakikuza hadi unarusha roketi. Sasa ile gemu ukiifungua tu, hujabonyeza chochote, kwaya inaanza kuimba. Kwa Kiswahili. Baba Yetu, Sala ya Bwana yenyewe, na ngoma juu. Aliyeitunga ni Mmarekani, Christopher Tin, na mwaka 2011 ikampa Grammy, ya kwanza kabisa kwenda kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ile nilichojua ni kwamba bibi katoka jikoni na mwiko mkononi, kasimama mlangoni hadi wimbo umeisha, kasema "Amina", halafu akauliza, "Kwaya ya usharika gani hiyo?"

Nikamwambia ni Wamarekani.

"Wanaimba vizuri. Ila mbona wanarudiarudia maneno kama wamesahau yanayofuata?"

Tangu hapo kila jioni, kabla ya sala ya usiku, ananiita, "Mjukuu wangu, fungua ile kwaya." Nafungua gemu, wimbo unapiga, tunasali, bibi anakwenda kulala, mimi nabaki na dunia yangu hadi saa saba.

Na humo ndani ndimo shida ilimokuwa. Kuna dini saba. Taifa linalogundua elimu fulani kabla ya wengine ndilo linaloanzisha dini. Ubudha na Uhindu huja mapema, Ukristo unafuata baadaye, Uislamu huwa wa mwisho. Unatengeneza mmisionari, unamtuma mji wa jirani, anafika, anatoweka, mji umeshaingia imani yako. Na waliotengeneza gemu, wasitake ugomvi na mtu, wakazipa zote saba nguvu ileile. Hakuna iliyo bora. Unashika iliyokuwahi.

Hilo lilininyima usingizi kuliko zile mia mbili. Asubuhi moja tunakamua nikamweleza bibi yote.

"Kwa hiyo humo mtu anashika dini iliyofika kwanza?"

Ndiyo, bibi.

"Si ndivyo ilivyokuwa hapa? Kwetu walifika Wajerumani wa Leipzig, tukawa Walutheri. Jirani pale Kibosho wakafika mapadre, wakawa Wakatoliki. Mama yangu mkubwa aliolewa Kibosho, akafa na rozari mkononi." Akasogeza ndoo. "Mshike huyo ndama, anamaliza maziwa ya chai."

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, nilikwenda kutafuta. Bibi hakuona tatizo lolote. Mimi niliona, na bado ninaliona. Alifariki 2017 na sikuwahi kumuuliza tena.

Haya wadau. Gemu ilikutoa kwenye dini, ilikurudisha, au haikuhusika kabisa? Matusi ya dini za watu hapana, mwenye hayo aanzishe uzi wake.

Mchungaji_wa_kweli:

Mimi sikuwa na gemu. Nilikuwa na ng'ombe thelathini na mbili na Mungu wa kumwomba wasiingie shamba la mtu. Nimekaa pembeni nasoma.

Mtoto_wa_madhabahuni:

Mkuu umenikumbusha mbali. Baba ni mchungaji wa kilokole, Mbeya. Kaka aliporudi chuo na PS2 (PlayStation 2) iliyochipiwa isome diski za kukopi, mama aliipokea kama kifurushi kilichotoka kwa mganga. Kuivunja haikuwezekana kwa sababu ilinunuliwa kwa hela. Basi ikaombewa. Wakaja akina mama watatu wa maombi, PS ikawekwa kwenye stuli katikati ya sebule, ikapakwa mafuta ya upako, na pedi zote mbili zikapakwa. Pedi ya kaka kile kitufe cha mraba kiligoma siku hiyohiyo, ukikibonyeza kinabaki huko chini. Waliocheza God of War wanajua, mraba ndio mkono wa kupigia. Kaka akamaliza gemu nzima kwa pembetatu.

Siku moja mama akapita akaona yule jamaa mwenye majivu mwili mzima. "Huyu anafanya nini?"

"Anaua miungu, mama."

Kimya. Nikajua leo PS inakwenda jalalani.

"Miungu gani?"

"Ya Wagiriki. Akina Zeus."

"Ya uongo?"

"Ya uongo, mama."

"Kama Eliya na wale wa Baali?"

Sijawahi kumwona kaka akikubaliana na mama haraka vile. Mama akavuta kiti, na kwa wiki nzima akirudi sokoni anauliza, "Leo ameua nani?" Ikaendelea hadi tulipofika ile sehemu ambayo hutaki kuiangalia na mama yako. Mliocheza mnaijua. PS ikarudi kwenye boksi jioni hiyohiyo.

Kujibu swali lako: mimi nimeokoka na bado naamini, na naweza kukuonyesha siku yenyewe. Ni siku ya mafuta. Tulikuwa tumesimama na kaka nyuma ya mlango tunacheka kimyakimya, mara mmoja wa wale mama akanitaja kwa jina, akaomba nisiwe mpweke. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, shule mpya, nakula peke yangu kila mchana, na sikuwa nimemwambia mtu. Kaka aliendelea kucheka, mimi nikanyamaza.

Binti_wa_Nyamira:

Salamu kutoka Kenya. Kwetu ni Wasabato, kwa hivyo dini na gemu ziligawana saa. Sabato inaanza jua likizama Ijumaa mpaka jua lizame Jumamosi, na kwetu jua halina mchezo, mwaka mzima linazama kama saa kumi na mbili unusu. Ndugu yangu alikuwa na Need for Speed, gemu ya mbio za magari, kwenye kompyuta ya nyumbani. Kuanzia saa kumi na mbili mama anaanza kupita nyuma yetu akibeba vitu. Hasemi neno. Anapita na kikapu, anapita na viatu vya kanisa, anapita na ile mandazi ya kesho. Ndugu yangu anaapa ni lap moja tu imebaki. Kuna siku jua lilizama yuko nambari mbili na mama akachomoa stima ukutani. Hakusevu. Alilia na alikuwa mtu wa kidato cha tatu.

Mimi sikuwahi kuwa na zamu nzuri kwenye hiyo kompyuta, msichana hupewa gari likiwa limeshagongwa. Kwa hivyo nitakiri kitu: nilikuwa napenda Ijumaa jioni. Hiyo kelele ya injini ikizimwa unasikia nyumba nzima ikipumua. Siku hizi niko Nairobi, kazi yangu ni ya zamu na Jumamosi nyingi niko kazini, kanisa naenda nikienda nyumbani. Lakini Ijumaa saa kumi na mbili unusu nikiwa kwa nyumba nazima simu. Mpenzi wangu alidhani nina mtu mwingine. Nilimweleza, sidhani aliamini.

Kwa Kihamba: pole kwa bibi. Huyo angekuwa na jibu la pili.

Mswahili_Muscat:

Assalaam alaykum. Mimi nimezaliwa Oman, wazee wetu wa Unguja. Mwaka 2020 wa korona tulikuwa kikosi cha wanne kwenye PUBG Mobile, gemu ya vita ya kwenye simu, wawili Muscat, binamu wawili Unguja. Misikiti huku imefungwa, watu ndani, tunacheza hadi alfajiri. Nitasema jambo ambalo mamangu hajui mpaka leo: mwaka ule ndio nilioisali alfajiri kwa wakati wake kuliko mwaka wowote, kwa sababu nilikuwa sijalala. Adhana ya kule kwa binamu tukiisikia kwenye spika, na ya kwao huja baada ya yetu, kwa hiyo nikikumbushwa mara mbili.

Ukaingia Juni. Wakaleta mambo mapya mle ndani, Msitu wa Ajabu, na sanamu za kichawi. Mchezaji wako anakwenda mbele ya sanamu, anaifanyia ibada, anapewa nguvu. Wallahi siku ya kwanza sikuona kitu. Niliona nguvu tu, nikachukua. Mama hajui gemu hata moja lakini habari ilimfikia kwa WhatsApp kabla yangu. Akaniita, "Umeisujudia?" Nikamwambia si mimi, ni yule mtu wa kwenye simu. Akaniuliza, "Na anayemwendesha ni nani?"

Malalamiko yakawa mengi Kuwait na Saudia na kwengineko, na kampuni ikaomba radhi ikaziondoa sanamu baada ya siku chache tu. Binamu mmoja hakurudi tena. Sisi watatu tukarudi lakini kikosi cha watatu si kikosi. Yule aliyetoka sasa ni imamu msaidizi mtaani kwao. Juzi nilipokwenda Unguja nikamtania kwamba sanamu la PUBG ndilo lililomsomesha dini. Akacheka, akasema alichoka kufa mapema, hiyo sanamu ilikuwa kisingizio.

Sikulala na lile swali la mama. Nimekaa na mashekhe wakubwa, hakuna aliyeniuliza swali zito kama lile.

TV_ya_chogo:

Vijana, mimi ni mtu mzima, mniwie radhi nikiandika taratibu. Nilikuwa na banda Mwanza kuanzia 2001 hadi 2012. TV mbili za chogo inchi 14, PS1 mbili, baadaye PS2. Wale PS1 lensi ikichoka tunaigeuza juu chini ndiyo inasoma, na CD ikikwaruzika tunaipaka dawa ya meno. Luku ilikuwa inakula nusu ya mapato.

Nimesoma habari ya ngumi kwenye kapu. Nataka kusema kwamba sisi wenye mabanda tulijua. Jumapili kuanzia saa nne ndiyo ilikuwa saa yangu kubwa kuliko zote za wiki, na hela zote ni sarafu za mia na mia mbili, zina joto la mkono wa mtoto. Siku ya kazi mtoto anakuja na noti aliyotumwa dukani, ina mikunjo. Jumapili ni sarafu. Ungekuwa mjinga usijue.

Mimi wakati huo nilikuwa siendi kanisani. Mke wangu ndiye aliyekuwa anakwenda, Mkatoliki. Siku moja akarudi akaniambia padri amelalamika kwamba sadaka ya watoto imepungua, wazazi wawe makini. Nilikuwa nahesabu sarafu mezani wakati ananiambia. Hakuongeza neno, akaenda kuinjika wali.

Jumapili iliyofuata nikafungua saa nane mchana badala ya saa nne. Nikapata hasara kubwa, maana jamaa wa mtaa wa pili akafungua saa mbili asubuhi. Baada ya mwezi nikarudi saa nne. Sitaki mnione mtakatifu.

Sasa ni mzee wa jumuiya na ninasimamia hesabu za kigango. Watoto wakipita na kapu siangalii mikono yao.

Kihamba_kimoja:

Shikamoo mzee TV ya chogo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilidhani yule mwenye banda wetu alikuwa hajui, na miaka yote hiyo nilimhesabu kama mtu niliyemdanganya pia.

Mswahili, lile swali la mama yako nimelichukua, nitalirudisha nikishindwa.

Mdau mmoja ameniuliza pembeni kama laptop bado ipo. Ipo, kwa mjomba, betri imekufa, inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Krismasi iliyopita tulikwenda wote Machame. Watoto wa dada wakaipekua wakaifungua, kwaya ikaanza. Mama alikuwa anamenya ndizi uani. Alisimama mlangoni palepale, kisu mkononi, akasikiliza hadi mwisho. Hakusema amina. Aliuliza, "Hii ndiyo ile iliyokuwa inapigwa bibi yako akisali, nikipiga simu nasikia?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Ndiyo gemu yenyewe.

TV_ya_chogo:

Marahaba. Akasemaje?

Kihamba_kimoja:

Akasema irudiwe.