Marudio yenye zebaki Geita: bakteria wasafishe au udongo uzolewe?

Msukuma wa Ziwani: Wadau, udongo wa marudio, yaani mabaki ya kuoshea dhahabu, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu Geita umejaa zebaki. Naunga mkono usafishwe kwa bakteria. Kuzoa ni gharama, na ukizoa unahamishia sumu kwa jirani. Shida wachimbaji wadogo hawajali, wanachomea zebaki hadi nyumbani.

Mchenjuaji: "Hawajali"? Kaka, nina watoto. Dhahabu yetu ni vumbi, zebaki ndiyo inayoikamata. Nyie wa Mwanza mjini pete mnazovaa zimetoka wapi?

Mama Dagaa Kirumba: Mimi sina pete, nauza samaki. Sumu ikifika ziwani nakosa wateja.

Mwalimu wa Kemia: Jamani, zebaki ni elementi, hakuna bakteria wa kuimeng'enya ikaisha. Wapo wanaoigeuza mvuke: inatoka udongoni, inaingia hewani. Wengine, wa kwenye tope lisilo na oksijeni, wanaigeuza methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali zaidi, na hiyo ndiyo inayolimbikizana kwa samaki, hasa sangara anayekula wenzake. Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu hiyo uligundulika 1956 na watu waliupata kwa kula samaki.

Msukuma wa Ziwani: Lakini Mwalimu, kromiamu ile kali bakteria si wanaipunguza makali? Na wengine hufunga metali na salfa zikawa salfaidi, haziyeyuki ovyo.

Mwalimu wa Kemia: Kweli. Ila hao wa salfaidi, baadhi yao ndio hao hao watengenezao methili-zebaki. Usiwape kazi karibu na ziwa.

Mchenjuaji: Mbona Mto Mirongo hamuutaji? Unapita katikati ya jiji lenu na maji machafu hadi ziwani. Ila Geita ndiyo yenye dhambi!

Mama Dagaa Kirumba: Mirongo unanuka, sibishi. Lakini mwanangu, usifunike uchafu wako kwa wetu.

Kijana wa Nyegezi: Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulipitishwa 2013, nasi tumeuridhia, nadhani 2020. Kwa nini zebaki bado inauzwa? Mchomaji atumie chombo cha kunasa mvuke, zebaki airudishe kazini.

Mchenjuaji: Hicho chombo nani ananinunulia? Anayenikopesha anataka dhahabu jioni.

Mama Dagaa Kirumba: Basi aliyekukopesha akinunue yeye, maana faida anaichukua. Na mwenye vipimo vya sangara wetu aviweke hapa, wateja wananiuliza.