Kufunga choo: dalili zilianzaje na chanzo kilikuwa nini? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam,

Mada hii tunaionea aibu mpaka tunaumia kimyakimya. Muulize mtu kuhusu presha atakutajia hadi vipimo vyake. Muulize mara ya mwisho alipata choo lini, anacheka. Leo tusichekane. Aliyewahi kufunga choo atueleze zilianzaje na chanzo kilikuja kuonekana ni nini. Dawa zije baadaye, maana nyuzi za aina hii huwa zinageuka watu kutajiana majani ya kunywa wakati kila mmoja ana tatizo lake.

Msingi kidogo. Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Wapo wanaoenda mara 3 kwa siku, wapo wa mara 3 kwa wiki, na wote wazima. Shida huanza ukishuka chini ya hapo, au ukienda kila siku lakini kwa kujikamua, kikatoka kidogo tena kikavu, na ukanyanyuka ukihisi kingine kimebaki. Hilo la mwisho linawapita wengi. Mtu anajisifu "mimi kila asubuhi naenda", kumbe anakaa chooni mpaka miguu inaingia ganzi. Ipo chati ya Bristol, ya Uingereza, ilichapishwa mwaka 1997, inagawa choo katika aina 7 kwa umbo lake. Aina ya 1 ni vidonge vikavu vilivyoachana kama vya mbuzi, ya 2 ni kipande kimoja chenye mabonge. Ukijiona mara nyingi uko kwenye hizo mbili, umefunga choo hata kama unaenda kila siku. Tazama kabla ya kumwaga maji, uko peke yako humo.

Naanza mimi. Nilifanyiwa upasuaji mdogo wa mguu, nikapewa vidonge vya maumivu vyenye kodeini. Tumbo likajaa, hamu ya kula ikakata, hata hewa inatoka kwa shida. Nikaongeza matunda, mboga na pumba za ngano. Tumbo likazidi kuwa gumu. Mfamasia ndiye aliyenifungua macho: kodeini na ndugu zake kama morfini hupunguza mwendo wa utumbo. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji kwenye mabaki ya chakula, kwa hiyo mabaki yakikaa sana yanakauka. Mimi nilikuwa naongeza mzigo kwenye njia isiyosogea. Alinipa dawa ya kuchochea utumbo, na choo kikarudi.

Karibuni.

Mama Kijacho: Mimi ni ujauzito. Homoni za mimba hulegeza misuli ya utumbo, halafu juu yake nikaanzishiwa vidonge vya kuongeza damu. Choo kikawa kigumu na cheusi, nikaogopa. Mkunga akaniambia weusi ule ni madini ya chuma, nisiache dawa. Akanibadilishia aina ya kidonge na kunipa laktulozi, dawa ya kulainisha choo.

*Mwanzisha mada: Asante mama. Niongeze tu kwamba choo cheusi kinachong'aa kama lami, chenye harufu kali, hasa kwa asiyetumia vidonge hivyo, kinaweza kuwa damu kutoka juu tumboni. Hicho si cha kusubiri.*

Dereva wa Usiku: Kazi yangu inanifanya nibane. Haja inakuja, huna pa kusimama, unabana, hamu inapotea. Maji nayo nakunywa kidogo ili nisisimame ovyo. Mwisho hamu yenyewe ikawa haiji, na bawasiri juu yake. Kilichonisaidia ni ratiba: nikishashuka kwenye gari nakunywa chai na kula, halafu naenda chooni hata kama sijisikii. Daktari alisema chakula kikiingia tumboni huamsha utumbo mpana, na hali hiyo ina nguvu zaidi ukishaamka. Pia kwenye choo cha kukaa naweka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga.

*Mwanzisha mada: Kigoda si imani. Kuna msuli unaoikunja njia ya haja kubwa ili tusijichafue. Ukichuchumaa unalegea na njia inanyooka.*

Mie ni Tezi: Uchovu, baridi wakati wenzangu wanatoka jasho, ngozi kavu, unene bila kula, na choo hakuna. Nilipopimwa damu, tezi ya shingoni inafanya kazi chini ya kiwango. Dawa yake ndiyo ilileta choo.

Maji Tu: Mnahangaika bure. Lita 5 kila siku, kwisha habari.

*Mwanzisha mada: Mkuu, maji yanamsaidia aliyepungukiwa maji, na anayekula makapimlo (nyuzinyuzi za mboga, matunda na pumba) lazima anywe. Ila kwa anayekunywa vya kutosha, kuongeza zaidi kunaongeza safari za haja ndogo tu. Na lita 5 usimshauri mgonjwa wa moyo au figo.*

Mama wa Mmoja: Wangu ana miaka 4. Alipata choo kigumu kikamchana, toka hapo akaogopa. Anajificha nyuma ya pazia, anasimama kwa ncha za vidole, anakaza makalio, uso mwekundu. Sisi tukidhani anajisukuma, kumbe anazuia! Baadaye nguo ya ndani ikawa inachafuka kila mara, majimaji. Jirani akashauri dawa ya kuzuia kuharisha. Daktari alimbonyeza tumbo akakuta bonge; yale majimaji yalikuwa yanapenya pembeni yake. Kapewa unga wa kulainisha choo wa kuchanganya na maji, na tumeambiwa utachukua miezi, tusikatishe mara tu choo kinapolainika. Na marufuku kumgombeza kwa nguo chafu.

Kaka Mkubwa: Baba yetu amezidi miaka 60, maisha yake yote hakuwahi kulalamikia choo. Ghafla kikaanza kuwa chembamba, leo kafunga kesho anaharisha, suruali zinamvuka. Alikuwa anasema ni bawasiri. Kipimo cha kamera kilikuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Amefanyiwa upasuaji, anaendelea na kliniki.

*Mwanzisha mada: Pole sana kaka, Mungu amsimamie mzee. Hii wote tuisome mara mbili: mabadiliko mapya ukubwani, damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu au damu kupungua mwilini, nenda ukapimwe. Tumbo likivimba, unatapika na hata hewa haitoki, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, na usimeze dawa ya kulazimisha choo njiani.*

*Bado sijasikia wa dawa za presha kama verapamili, wa dawa za sonona, wala wenye kisukari cha muda mrefu. Najua mpo, leteni.*