Raki ya inchi 19 kwa mbao za paleti: upana wa ndani, reli na joto

Mbao20
Wakuu, nina mbao 20 za paleti, zimeshabanduliwa. Urefu mita 1 na kidogo, upana milimita 90, unene 20. Nataka raki, yaani sanduku la kufungia vyombo vya sauti, ya kubeba amplifaya ya 2U (U ni kizio cha kimo cha chombo; kilo 15, kina sentimita 40), ikwalaiza (kirekebisha sauti) 1U, krosova (kigawa sauti nene na nyembamba) 1U na kipokezi cha maikrofoni 1U. Upana wa ndani uwe ngapi hasa? Reli, zile nguzo mbili za mbele zinazofungiwa vyombo, za mbao zinatosha au lazima chuma? Na joto la amplifaya je?

Randa Kavu
Kabla ya vipimo, kagua mbao zenyewe. Tafuta muhuri wa paleti: HT ni mbao iliyotibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB ni iliyofukizwa dawa, iache. Iache pia yenye madoa ya mafuta, au vitundu vinavyomwaga unga mpya, maana wadudu bado wamo.

Pitisha sumaku kila ubao, pande zote mbili. Kichwa cha msumari kikikatika, shina hubaki ndani halionekani, na randa ikipita hapo tu meno yake yamekwisha. Kisha zipange kwa tabaka, vijiti katikati ili hewa ipite, na upime uzito wa ubao mmoja kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Ukiunganisha mbao mbichi, viungo vitaachia zikikauka.

Pembe Mraba
Vipimo sasa. Uso wa chombo una upana wa mm 482.6. Nafasi kati ya reli na reli isipungue 450, na matundu ya kushoto na kulia yaachane 465.1, katikati hadi katikati. Ukitumia chuma cha pembe cha mm 20 kwa 20, ndani ya sanduku iwe 490: 20 + 450 + 20.

Kimo: 1U ni mm 44.45. Vyombo vyako ni 5U, ongeza 1U tupu juu ya amplifaya, jumla 6U, yaani 266.7. Fanya 270. Usikadirie 1U kuwa 44. Ukifika 6U umeshapotea mm 2.7 na skrubu hazitaingia.

Ukiranda mbao hadi unene wa 18: ubavu urefu 306, juu na chini 490. Kina 510, ili waya za nyuma zipate nafasi. Kila upande unataka vipande sita vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu. Mbao 10 zinatosha, zilizobaki ni akiba ya zitakazopasuka. Nyuzi za mbao zizunguke sanduku: wima kwenye mbavu, mlalo juu na chini. Hapo mbao ikivimba, kinachobadilika ni kina tu. Ile 490 haiguswi.

Reli ziwe chuma. Skrubu ya mbao ukiifungua na kuifunga mara kadhaa, tundu linalegea. Toboa mm 5 na ukate meno ya M6 (skrubu ya mm 6). Tundu la kwanza liwe 6.35 kutoka mwanzo wa U, kisha 15.875, tena 15.875, halafu 12.7 kuingia U inayofuata. Pima yote kutoka ncha moja ya reli, usiruke kutoka tundu hadi tundu. Rudisha reli ndani mm 30 ili vitufe visigongwe.

Klempu Nne
Naongezea kuhusu pembe za sanduku. Ubao wa chini uingie katikati ya mbavu, usikae chini yake. Ukiinua raki, skrubu zilizopita ubavuni zinabeba kwa kukingama. Zilizopigwa kutoka chini zinavutwa moja kwa moja kwenye ncha ya nyuzi, zinachomoka. Weka na kipande cha 20 kwa 20 kila pembe ya ndani, gundi mwanzo hadi mwisho.

Pembe Mraba
Hapo kwenye gundi nakataa. Kipande hicho kinakwenda kinyume na nyuzi za ubavu. Ukikigundisha chote, ubavu utapasuka ukikauka. Gundi sentimita 10 za mbele tu, kwingine skrubu kwenye matundu yaliyorefushwa. Kabla gundi haijashika pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya mm 2, sukuma kona ndefu.

Joto: nyuma acha wazi kabisa. Angalia amplifaya inavuta hewa wapi. Ikiwa ni ubavuni, usibandike sponji hapo. Mbao haitaungua, ila amplifaya itajizima.

Mbao20
Nimefikia kujaribisha. Amplifaya iko chini kabisa, lakini masikio yake (mabawa ya mbele ya kufungia skrubu) yako juu ya matundu ya reli kwa karibu sentimita moja. Nimerudia kupima reli, ziko sawa.

Klempu Nne
Umeng'oa miguu ya mpira? Fungua skrubu zake nne, weka kando. Ikishuka, tia vijiti viwili vyembamba chini ya ncha ya nyuma, kushoto na kulia, vibebe uzito. Kilo 15 zikining'inia kwa masikio ya mbele tu, masikio yatapinda. Usiweke ubao mzima, utaziba matundu ya hewa ya chini.